Kijiji Kidogo cha Ufipa na Hesabu ya Watu Wake

Mgeni atokaye Tunduma kwenda Sumbawanga husafiri kama kilometa 220, na mwisho wa safari yake hujiona yu katika nchi asiyoizoea. Ni uwanda wa juu, mpana, wenye majani mengi na miti haba, na upepo wake ni wa baridi. Mji wa Sumbawanga uko kiasi cha mita 1,800 juu ya bahari. Upande wa mashariki ipo milima ya Mbizi, na ng'ambo yake nchi hutelemka ghafula mpaka bonde la ziwa Rukwa. Upande wa magharibi hutelemka tena mpaka ziwa Tanganyika, ambalo maji yake yako chini ya uwanda huu kwa mita elfu moja na zaidi. Kwa hiyo Ufipa ni kama meza iliyowekwa katikati ya maziwa mawili.

Mgeni huyo akitazama huku na huku ataona jambo jingine. Nyumba za watu hazikutawanyika, moja hapa na moja kule, kama zilivyo katika migomba ya Uchaga. Zimekusanyika mahali pamoja, zikikaribiana, na mashamba yako nje yake. Hicho ndicho kijiji cha Kifipa. Basi mgeni huuliza maswali matatu: Kwa nini watu hawa hukaa pamoja hivi? Wako wangapi? Na je, wanaongezeka ama wanapungua? Maswali hayo si ya mgeni tu. Ni maswali ambayo yampasa mwenyekiti wa kijiji, mwalimu, na kila mzee wa nyumba ajue majibu yake, kwa maana kijiji kisichojua watu wake hakijui wala haki zake.

MATUTA YALIYOWAFANYA WATU WATULIE

Swali la kwanza hujibiwa na jembe. Katika nchi nyingi zilizo jirani, hasa Ubemba iliyo Zambia, watu wa zamani walilima kwa kukata matawi ya miti, kuyakusanya, kuyachoma moto, na kupanda ulezi katika majivu. Kilimo hicho huzaa vizuri kwa miaka michache, kisha nguvu ya udongo huisha, na watu hawana budi kutafuta mahali penye miti mipya. Shamba likihama, kijiji nacho huhama.

Katika uwanda wa Ufipa miti ni michache, basi Mfipa hakuweza kutegemea majivu. Alitumia majani. Masika yanapokaribia kwisha, na majani yamekuwa marefu na udongo ungali laini, mkulima hulima mabonge ya udongo pamoja na majani yake, akayapindua na kuyapanga duara, majani yakawa ndani na udongo ukawa juu. Hivyo hupata kichuguu kama tuta la mviringo, nalo huitwa ntumba. Shamba zima hujaa matuta hayo, na mtu akisimama mlimani huyaona kama kuku wengi waliolala. Juu ya matuta hupandwa maharage. Ndani yake majani huoza polepole na kuwa mbolea. Mvua za mwaka wa pili zikianza, matuta hubomolewa na kutandazwa sawasawa, na ulezi hupandwa katika udongo ule ulioneemeka.

Tazameni basi matokeo yake. Mkulima aliye na mbolea ya majani hana haja ya kuhama kila mara kufuata miti. Aweza kuipumzisha ardhi, majani yakaota tena, na kuirudia. Kwa hiyo watu wengi waliweza kukaa pamoja mahali pamoja kwa muda mrefu, wakajenga vijiji vikubwa kuliko vya majirani zao, na wakazoea kuishi karibu karibu, kuamkiana kila asubuhi, na kuamuliwa mashauri yao mbele ya watu. Tena kazi ya matuta ni nzito, na mtu mmoja haiwezi peke yake. Husaidiana, leo shamba la huyu, kesho la yule, na mwenye shamba huwapikia wenzake pombe ya ulezi. Mtu aliyejenga peke yake porini atawaita nani?

Jambo la pili lililowakusanya watu ni chuma. Mpaka leo msafiri katika Ufipa huweza kuona tanuu ndefu za udongo zilizoachwa, huitwa malungu, na moja yake huitwa ilungu. Nyingine hushinda kimo cha mtu aliyempanda mwenziwe mabegani. Tanuu hizo hazikuhitaji mivuo, kwa kuwa urefu wake na matundu yaliyo chini yake yalivuta upepo wenyewe. Ndani yake waliweka mawe ya chuma na makaa kwa zamu. Kile kilichotoka kilisafishwa tena katika tanuu ndogo yenye mivuo, kisha wahunzi wakafua majembe. Jembe hilo ndilo lililopindua majani ya matuta. Kazi ya ilungu iliwataka watu wengi: wachimbaji wa mawe, wachoma makaa, wafinyanzi, na mhunzi mkuu aliyejua dawa na miiko. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 majembe ya madukani yaliipotosha kazi hiyo, na tanuu zikazimika.

MILANSI, KIJIJI KIDOGO CHENYE JINA KUBWA

Wako watu wadhanio ya kuwa kijiji kidogo hakina khabari. Na watazame Milansi. Milansi ni kijiji katika uwanda huu, wala si kikubwa kwa idadi ya watu, walakini kila mzee wa Kifipa ajua jina lake, kwa maana ndiko yasemekanako kuwa chimbuko la wafalme wa kwanza.

Wazee husimulia ya kuwa mfalme wa kwanza aliitwa Ntatakwa, na kwamba utawala wa Milansi ulikuwa wa nchi yote. Siku moja mfalme alikuwa amekwenda kuwinda, na nyuma yake wakatokea wanawake wageni kutoka mbali, wa ukoo wa Watwa. (Watwa hawa ni ukoo wa kifalme, wasomaji wasiwachanganye na wale watu wafupi wa misituni waitwao kwa jina hilohilo.) Wageni wale walimkuta mke wa mfalme, naye akawapa kiti cha enzi wakikalie. Mfalme aliporudi, mambo yalikuwa yamekwisha kutendeka: aliyekalia kiti ameshika nchi. Hapakumwagika damu. Walipatana, wageni wakatawala nchi, na Mwene wa Milansi akabaki na kijiji chake pamoja na heshima ya mwenye nchi wa asili, anayeombea ardhi.

Baadaye watawala wa Kitwa wenyewe waligawanyika, zikawa dola mbili, Nkansi na Lyangalile. Jina la Nkansi lingali hai katika jina la wilaya ya Nkasi, ambayo makao yake ni Namanyere. Dola hizo zilikwisha nguvu zake. Wajerumani walijenga boma Kasanga mwaka 1898 na kupaita Bismarckburg. Waingereza wakapatwaa mwaka 1916. Na mwaka 1963, baada ya uhuru, serikali ya Tanganyika ikaondoa utawala wa machifu. Lakini kijiji cha Milansi hakikuondolewa. Mafunzo yake ni haya: dola huja na kwenda, mipaka ya wilaya hubadilika, illa kijiji, ikiwa watu wake wanajuana na wanajua ardhi yao, hudumu.

MAMBO YALIYOWAPUNGUZA WATU

Walakini vijiji vya Ufipa havikukaa raha siku zote. Katika miaka ya 1840 Wangoni waliotoka kusini waliingia Ufipa, na huko ndiko mkuu wao Zwangendaba alikofia. Watu waliogopa, wakazungushia vijiji vyao boma za miti. Mwaka 1880 Mwingereza Joseph Thomson alipita Ufipa, akafika kwa Mwene Kapufi, akawaona Wafipa kuwa watu wa kilimo na amani.

Yakafuata mambo ya vita na kodi. Katika vita vya 1914 mpaka 1918 wapagazi wengi walichukuliwa katika nchi hizi za mpakani, na wengi katika kazi ile hawakurudi kwao. Kodi nayo ilitaka fedha, na fedha haikupatikana katika tuta la maharage. Kwa hiyo vijana walifunga mizigo. Wengine walikwenda Lupa katika wilaya ya Chunya, dhahabu ilipochimbwa kwa wingi miaka ya 1930. Wengine walivuka mpaka kwenda kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Wengine walikwenda mbali mpaka mashamba ya mkonge ya Tanga, wakaitwa manamba, kwa kuwa kila mtu alijulikana kwa namba yake.

Fikirini hali ya kijiji kidogo wakati huo. Nyumba zilikuwako, mashamba yalikuwako, lakini wenye mikono ya kupindua majani hawapo. Mama alibaki na watoto na wazee, akalima matuta machache kuliko ya mwaka uliopita, na njaa ikakaribia mlango. Wengine walirudi na blanketi na baiskeli, na wengine hawakurudi kabisa. Hivyo kijiji chaweza kupungua bila vita wala tauni, kwa kijana mmoja kuondoka leo na mwingine kesho. Kuondoka kwa mmoja mmoja hakuna kishindo, nacho ndicho kiondoacho wengi.

JINSI WATU WAHESABIWAVYO

Sasa tuje kwenye swali la pili: wako wangapi? Zamani za kodi, kuhesabu watu kulikuwa ni kuhesabu walipa kodi. Karani alipoonekana njiani, vijana walikimbilia kichakani, na mzee akaapa ya kuwa nyumba ile haina mwanamume. Woga huo ulidumu muda mrefu, na katika baadhi ya watu haujaisha, ijapokuwa kodi ya kichwa iliyolipwa na kila mtu mzima, ambayo baadaye iliitwa kodi ya maendeleo, ilifutwa mwaka 2003.

Hesabu ya watu wote kwa njia ya elimu ilifanywa Tanganyika mwaka 1948, ikaonekana kuwa watu ni kama milioni saba na nusu. Ikafanywa tena mwaka 1957. Baada ya uhuru imefanywa mwaka 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Hesabu ya mwaka 2022 ilikuwa tarehe 23 Agosti, na Tanzania nzima, Bara na Visiwani, ilikuwa na watu 61,741,120.

Wengi huuliza kwa nini yatajwa usiku mmoja. Sababu yake ni nyepesi. Watu hawatulii. Leo mtu yu Kaengesa, kesho yu Laela sokoni, kesho kutwa yu Kasanga kununua samaki. Tukimhesabu kila tumwonapo, mtu mmoja atakuwa watatu. Tukimngoja arudi kwao, pengine hatahesabiwa kabisa. Kwa hiyo hukubaliwa usiku mmoja kwa nchi nzima, na kila mtu huandikwa mahali alipolala usiku huo. Karani hufika siku hiyo au siku zifuatazo, lakini swali lake ni la usiku uleule.

Tuseme karani amefika kwenye nyumba ya mzee.

“Hodi, babu.”

“Karibu, mjukuu wangu. Keti.”

“Babu, usiku wa kuamkia siku ya kuhesabiwa walilala humu watu wangapi?”

“Tulilala sita. Lakini mwanangu mkubwa yuko Mpanda, muandike naye, maana nyumba hii ni yake.”

“Huyo ataandikwa na mwenzangu wa Mpanda, babu, alikolala. Na yule kijana ninayemwona uani?”

“Huyo si wetu. Ni mchungaji, amepita na ng'ombe, akaomba mahali pa kulala.”

“Alilala hapa?”

“Alilala.”

“Basi ni wa saba.”

Mzee huyu hakuwa na nia mbaya, lakini kama karani asingemwuliza vizuri, angemwandika mtu asiyekuwapo na kumwacha aliyekuwapo. Nyumba mia zikikosea hivyo, hesabu ya kijiji ni ya uongo. Watu waachwao mara kwa mara ni hawa: watoto wachanga, ambao wazazi hudhani hawajawa watu wa kuandikwa, wageni na wachungaji, watumishi wa nyumbani, wavuvi waliolala ziwani, na wagonjwa au vilema wafichwao ndani kwa haya. Kumficha mtoto mwenye ulemavu ni kumnyima nafasi yake shuleni na hospitalini, na hilo ni dhambi kubwa kuliko haya yote ya jirani.

ONGEZEKO LA WATU, NA MAANA YAKE

Twende kwenye swali la tatu. Mkoa wa Rukwa uliundwa mwaka 1974, na mwaka 2012 sehemu ya Mpanda ilitengwa ikawa mkoa wa Katavi. Mwaka huo wa 2012 Rukwa iliyobaki ilihesabiwa kuwa na watu 1,004,539. Mwaka 2022 walikuwa 1,540,519. Yaani kwa miaka kumi waliongezeka watu 535,980. Walimu waweza kuwapa watoto hesabu hii darasani: kama kijiji kilikuwa na watu 1,000 mwaka 2012, nacho kimeongezeka kwa kiasi kilekile cha mkoa, mwaka 2022 kilikuwa na watu 1,534 hivi. Katika nchi nzima kijiji cha watu 1,000 kingefika 1,374 tu. Basi Rukwa imeongezeka upesi kuliko nchi yote kwa jumla, na ikiendelea hivyo watu wake watakuwa mara mbili kwa muda wa miaka 16 au 17.

Sababu ni mbili. Ya kwanza ni uzazi: watoto wazaliwao ni wengi, na kwa sababu ya chanjo na zahanati wengi wao huishi, tofauti na zamani. Ya pili ni wageni. Nchi hii hutoa mahindi mengi hata huitwa ghala ya taifa, na bonde la Rukwa limewavuta wafugaji wa Kisukuma na ng'ombe zao. Tena barabara ya Tunduma mpaka Sumbawanga, iliyotiwa lami kwa msaada wa fedha za Marekani uliotolewa kati ya 2008 na 2013, imeleta malori, wafanyabiashara na wajenzi. Ambaye zamani alisema “Sumbawanga ni mbali” sasa hulala huko.

Je, kuongezeka ni heri au ni shari? Ni kama mvua. Mvua ikinyesha juu ya shamba lililolimwa, ni heri. Ikinyesha juu ya mlima ulio tupu, huondoka na udongo. Tufanye hesabu nyingine ya mfano. Kijiji chenye ekari 3,000 za kulima na watu 1,000 kina ekari tatu kwa kila mtu. Watu wakiwa 2,000, ni ekari moja na nusu. Ardhi haikupungua hata hatua moja, bali sehemu ya kila mtu imepungua nusu. Mkulima wa matuta, ambaye zamani aliipumzisha ardhi yake mpaka majani yakaota marefu, sasa hana nafasi ya kuipumzisha. Majani yakiwa mafupi, mbolea ya tuta ni haba. Mbolea ikiwa haba, mavuno hupungua. Mavuno yakipungua, mtu hutafuta ardhi milimani, akakata miti iliyobaki katika Mbizi. Na miti ikikatwa, chemchemi hukauka. Haya ni kama kamba: ukivuta ncha moja, nyingine hufuata.

Na hapo ndipo ugomvi uzaliwapo. Mwenyeji humwambia mgeni, “Ng'ombe zako zimekula mahindi yangu.” Mgeni humjibu, “Shamba lako limekalia njia ya maji.” Wote wawili hawana karatasi, wala kijiji hakina, na shauri hulala mezani miaka mingi.

KIJIJI CHA MTU MMOJA

Wasomaji wasidhani ya kuwa hatari ya kijiji ni kuongezeka tu. Katika Marekani, katikati ya nchi, ziko wilaya pana za mashamba ya nafaka, tambarare kama uwanda wetu. Vijiji vingi vidogo vilijengwa huko reli ilipopita. Katika jimbo la Nebraska kimo kijiji kiitwacho Monowi. Katika miaka ya 1930 kilikuwa na watu kama 150, pamoja na maduka, posta na shule. Lakini mashamba yakaanza kulimwa kwa matrekta makubwa, mtu mmoja akafanya kazi ya watu kumi, na vijana wakaenda mijini. Duka likafungwa kwa kukosa wanunuzi, posta ikafungwa kwa kukosa barua, na shule ikafungwa kwa kukosa watoto. Hesabu ya mwaka 2000 ilikuta watu wawili. Hesabu ya mwaka 2010 ilimkuta mmoja, naye alikuwa mkuu wa kijiji, karani wake na mtunza fedha wake.

Twaweza kucheka, walakini iko hekima ndani yake. Mtu yule mmoja aliendelea kuandika vitabu vya hesabu vya kijiji kama ipasavyo, na kwa sababu hiyo kijiji kiliendelea kuwa kijiji mbele ya sheria, kikapata haki zake na taa za barabarani. Kwetu viko vijiji vya watu elfu tatu visivyo na daftari hata moja lililojaa. Je, ni kipi kilicho hai zaidi?

DAFTARI LA KIJIJI

Baada ya kuwaambia khabari hizi zote, yafaa niseme lililonifanya nishike kalamu. Kati ya mwaka 1973 na 1976 serikali iliwakusanya watu wa Tanzania katika vijiji. Huko kwingine watu walisumbuka sana kwa kuwa hawakuzoea kukaa pamoja. Wafipa walikuwa wamekwisha zoea tangu mababu, ijapokuwa baadhi ya vijiji vilisogezwa barabarani. Sheria ya mwaka 1975 ikavipa vijiji cheo cha kisheria, ile ya mwaka 1982 ikaeleza serikali za vijiji, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5 ya mwaka 1999 ikaweka ardhi ya kijiji mikononi mwa halmashauri ya kijiji, si iwe mali yake, bali iitunze kwa niaba ya wanakijiji wote, waliopo na watakaozaliwa. Halmashauri ina watu 15 mpaka 25, na robo yao sharti wawe wanawake. Mkubwa kuliko halmashauri ni mkutano mkuu wa kijiji, nao ni kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Ardhi haigawiwi kwa siri nyumbani kwa mtu. Mkutano mkuu lazima uridhie.

Lakini mkutano huo utajuaje ni nani mkazi na nani mpita njia, ikiwa hakuna daftari? Utagawaje ardhi usiyojua itatosha watu wangapi? Mwalimu ataombaje madawati bila kujua watoto wangapi watatimiza umri wa shule mwaka kesho kutwa? Mganga wa zahanati ataagizaje chanjo? Hesabu ya taifa huja mara moja kwa miaka kumi, na mtoto hangoji miaka kumi ili augue.

Kwa hiyo natoa shauri hili, wala halina gharama kubwa. Kila mwenyekiti wa kitongoji awe na daftari moja gumu. Kila nyumba ipewe ukurasa wake. Aandike jina la mwenye nyumba, mwanamume au mwanamke, na wote walalao humo, na mwaka wa kuzaliwa wa kila mmoja. Mtoto akizaliwa aandikwe, na wazazi wahimizwe kumtafutia cheti cha kuzaliwa. Mtu akifa apigwe mstari, na tarehe iandikwe. Mgeni akija kukaa aandikwe siku hiyohiyo, na alikotoka. Kijana akihama aandikwe aendako. Kila baada ya miezi mitatu madaftari ya vitongoji vyote yaletwe kwa afisa mtendaji wa kijiji, yajumlishwe, na jumla isomwe mbele ya mkutano mkuu kwa sauti, ili mwenye kuachwa aseme, “Mimi je?” Walimu, ninyi mjuao kalamu, saidieni kazi hii; wanafunzi wa darasa la juu waweza kujumlisha, nao watajifunza hesabu yenye manufaa kuliko ile ya maembe ya kitabuni.

Nayajua majibu ya baadhi ya wazee. Watasema, “Kuhesabu watu kwaleta mkosi,” au, “Majina yetu yakiandikwa, kodi itafuata.” Wazee wetu, kwa heshima, mkosi tumeuona tayari. Tumeuona pale mjane aliponyimwa shamba la mumewe kwa kuwa hapakuwa na maandishi ya kumjua. Tumeuona pale wenyeji na wafugaji walipopigana kwa mpaka usioandikwa. Tumeuona pale watoto walipoketi chini kwa kuwa walioombewa madawati ni mia, na waliofika ni mia mbili. Daftari halikuleta hayo. Kukosekana kwake ndiko kulikoleta. Na jina Sumbawanga lenyewe husemwa kuwa maana yake katika Kifipa ni “tupa uchawi.” Basi tuutupe na woga huu pamoja nao.

Mababu zetu katika uwanda huu hawakuhamahama kwa kuwa walijua kuyafukia majani ya mwaka huu yawe chakula cha mwaka ujao. Daftari nalo ni tuta la namna hiyo: unayoyaandika leo huonekana kama majani tu, bali ndiyo yatakayomlisha mjukuu wako atakapodai shamba lake, shule yake na jina lake. Wahenga wamekwisha kusema: Mali bila daftari hupotea bila khabari. Na katika mali zote za kijiji, ipi iliyo kubwa kuliko watu?